Besi Haipewi Mtu kwa Ukubwa wa Mwili

Hotuba kwa wapuliza tarumbeta wa sharika na wa bendi za harusi, Moshi

Ndugu Mwenyekiti, baba wachungaji, wazee wa sharika, walimu wa vikundi, mama zetu mlioamka alfajiri kutupikia, na ninyi wapuliza tarumbeta wa kila umri: Bwana Yesu asifiwe. Na ndugu zetu Waislamu wa bendi za harusi mlioitikia mwaliko wetu, asalaam aleikum.

Nimepewa saa moja nizungumzie vyombo vyetu na watu waliovipiga. Nikiigawa saa hiyo kwa tarumbeta, tromboni, baritoni na besi, tutaondoka hapa na tarehe nyingi bila jambo la kushika. Nimeomba ruhusa kwa Mwenyekiti, naye kanikubalia, niitumie yote kwa besi, yaani tuba. Ninayo sababu. Katika vikundi vingi mtu wa besi hupatikana hivi: tarumbeta zimeshagawiwa, tromboni zimeshapata wenyewe, limebaki lile dude limeegemezwa ukutani. Mwalimu anatupa macho, anamwona kijana mwenye kifua kipana na mikono minene. "Wewe, chukua hilo." Hajaulizwa kama anajua kuimba. Hajapimwa sikio. Na binti aliyesimama jirani yake, mwenye sikio kali kuliko kikundi kizima, hafikiriwi hata kidogo, kwa kuwa watu wameshaamua kwamba pumzi yake ni ndogo na mgongo wake mwembamba.

Desturi hii inatuharibia muziki, na inawanyima watu nafasi yao. Nimekuja kuwatajia waliopuliza tuba wakajulikana, na tuba zenyewe walizozishika, ili mwone wenyewe kama ni mwili uliowafikisha pale.

Kwanza asili ya chombo, kwa ufupi. Kuta za Yeriko tunasoma ziliangushwa kwa mabaragumu ya pembe za kondoo waume. Besi ya shaba haimo popote katika Maandiko. Ni chombo cha juzi. Kilizaliwa Berlin, katika ufalme wa Prusia, na siku yake inajulikana: tarehe 12 Septemba 1835, Wilhelm Wieprecht, msimamizi wa bendi za jeshi, pamoja na fundi Johann Gottfried Moritz, walipewa hataza ya tuba ya sauti ya F yenye vali tano. Kabla ya hapo sauti ya chini ilitafutwa kwa taabu. Ufaransa kulikuwa na bomba la mbao lililovikwa ngozi na kupindwa mara kadhaa, ambalo umbo lake liliwafanya waliite nyoka. Mwaka 1817 fundi Halary wa Paris akaunda ophicleide, bomba la shaba lenye matundu makubwa yanayofungwa kwa vifuniko. Vyombo hivyo vilikuwa na noti nzuri na noti dhaifu zimekaa jirani, maana kila tundu unalofungua linabadili jinsi bomba zima linavyolia. Vali ndiyo iliyotatua. Wajerumani wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, waliipatia hataza mwaka 1818. Tangu hapo mpulizaji akibonyeza kidole, hewa inapita njia ndefu zaidi na sauti inashuka, bila kutoboa tundu lolote.

Leo duniani mtakutana na tuba za sauti nne, kila moja ikiitwa kwa noti yake ya msingi. Ukilinyoosha bomba lake, tuba ya F ina urefu wa kama meta 3.7, ya E-flati meta 4, ya C karibu meta 4.9, na ya B-flati meta 5.5. Wajerumani hupenda B-flati kwa kazi nzito na F kwa kazi nyepesi. Bendi za Kiingereza zinatumia E-flati na B-flati. Okestra za Marekani zinapenda C. Nawaomba mzishike sauti hizi nne vichwani, kwa sababu nitakapowataja watu nitataja na sauti ya tuba zao, na mtaona kwamba kila mmoja alikuwa na chombo kilichoifaa kazi yake. Huku kwetu besi nyingi za makanisani zilikuja na wamisionari au zilitumwa baadaye na marafiki wa Ujerumani. Nyingine zimenunuliwa mitumba. Ndiyo maana ndani ya jimbo moja unaweza kukuta kikundi kina B-flati na jirani yake ana E-flati, wamepewa karatasi moja ya noti, halafu tunashangaa kwa nini hawapatani.

Sasa nije kwa Arnold Jacobs, mpiga tuba wa Marekani, na kwake mniruhusu nikae.

Alizaliwa Philadelphia mwaka 1915, akakulia California, na akiwa na miaka 15 akapata nafasi ya masomo katika chuo cha Curtis, huko huko Philadelphia. Mwalimu wake aliitwa Philip Donatelli, mpiga tuba wa okestra ya mji huo. Kiongozi wa okestra alikuwa Leopold Stokowski, ambaye kabla ya kuongoza okestra alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, na masikio yake hayakusahau yale mabomba makubwa ya kinanda yanayotetemesha mabenchi. Alitaka okestra yake iwe na chini ya namna hiyo. Kampuni ya York ya Grand Rapids, Michigan, ikatengeneza tuba mbili kubwa za sauti ya C, mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Basi Donatelli alikuwa mtu mkubwa wa mwili. Kwa hesabu zetu za huku, huyo ndiye aliyestahili chombo kile kuliko mtu yeyote. Lakini tumbo lake na tuba ile havikupatana. Hakuweza kuikumbatia vizuri kipulizio kikafika mdomoni kwa raha. Akamuuzia mwanafunzi wake. Tuba iliyoagizwa kwa ajili ya okestra kubwa na mtu mkubwa ikaenda mikononi mwa kijana wa chuo.

Na kijana huyo hakuachana nayo. Alipomaliza masomo mwaka 1936 alifanya kazi Indianapolis, kisha Pittsburgh chini ya Fritz Reiner, na mwaka 1944 akaingia okestra ya Chicago. Alikalia kiti hicho mpaka 1988. Miaka 44. Waongozaji walikuja na kuondoka, Reiner mwenyewe alimfuata Chicago mwaka 1953, na safu ya vyombo vya shaba ya okestra ile ikawa inajulikana dunia nzima. Chini yake palikuwa na Jacobs na York.

Hapa kuna jambo la kiufundi nisilotaka kulipita, kwa sababu linawahusu ninyi kila Jumapili. Vali ya kwanza inashusha sauti hatua moja nzima, ya pili nusu hatua, ya tatu hatua moja na nusu. Kila moja peke yake imepimwa vizuri. Ukizibonyeza pamoja, vipande vya bomba unavyoongeza vinakuwa vifupi mno kwa kazi hiyo, kwa kuwa sasa vinaongezwa kwenye bomba ambalo tayari limerefuka, na kila bomba linavyozidi kurefuka ndivyo linavyodai nyongeza kubwa zaidi. Matokeo yake noti inapanda juu ya mahali pake. Mnaisikia: besi inaposhuka chini kabisa, kwaya inakuwa kama imepotea, na lawama anapata mpulizaji. Jacobs alikuwa na vali nne na ya tano ya nyongeza, na mkono wake wa kushoto haukukaa bure. Ulikuwa unavuta na kurudisha kibomba cha vali ya kwanza wimbo ukiendelea, noti kwa noti. Kwenye besi zetu nyingi kibomba hicho kimekauka na kugandamana kwa kutu na uchafu wa miaka. Kilegezeni. Kipakeni mafuta. Kitawasaidia kuliko maombi mengi tunayoombea upatanifu wa sauti.

York ile ilipata sifa mpaka mafundi wa nchi nyingine wakataka kuijua siri yake. Hirsbrunner wa Uswisi aliipima, Yamaha wa Japani waliipima, kila kipenyo na kila kona, wakatengeneza tuba zinazofuata vipimo hivyo. Ni tuba nzuri, na wapigaji wakubwa wanazitumia. York zenyewe, zote mbili, leo ni mali ya okestra ya Chicago. Gene Pokorny, aliyerithi kiti cha Jacobs mwaka 1989, amezipiga kazini. Natamani kila kikundi chetu kingetunza chombo namna hiyo, kikajua nani alikuwa nacho kabla, nani alikitengeneza, na kikamkabidhi anayefuata kikiwa hai.

Lakini sikilizeni habari ya mapafu yake. Jacobs utotoni aliuguaugua. Ukubwani akapata pumu. Kadiri umri ulivyosonga, kiasi cha hewa alichoweza kuvuta kilipungua kikawa chini ya cha mtu wa kawaida, naye ndiye aliyeshika moja ya tuba kubwa kuliko zote katika okestra za Marekani. Mtu mwenye upungufu huo angeweza kukata tamaa. Yeye akaanza kusoma namna mwili unavyopumua. Alisoma misuli, mbavu, kiwambo kilicho chini ya mapafu. Akakusanya vifaa vya kupimia hewa kama vile vya hospitali, akajipima, akapima wanafunzi.

Aligundua nini? Kwamba vyombo vya shaba havitaki hewa ya namna moja. Noti ya juu ya tarumbeta inataka msukumo mkubwa na hewa kidogo. Noti ya chini ya besi inataka hewa nyingi inayotembea, na msukumo mdogo sana. Mwalimu anayesimama mbele ya mpiga besi na kumwambia "kaza tumbo!" anampeleka njia ya tarumbeta. Tumbo likikazwa, misuli inapigana yenyewe kwa yenyewe, hewa inasimama, na sauti inayotoka ni ya mtu anayebeba gunia. Jacobs alitaka mwili ulegee, hewa iingie kwa wingi bila kelele, na itoke kama mtu anayepuliza vumbi juu ya meza pana. Na kwa kuwa hewa yake ilikuwa chache, alivuta pumzi mara nyingi. Aliwafundisha wanafunzi wavute kabla hawajaishiwa. Kwetu mtu wa besi anaona aibu kupumua katikati ya ubeti, anajikaza mpaka mwisho, na noti ya mwisho, ile inayobeba wimbo wote, inakufa.

Mafundisho yake aliyaweka katika maneno mawili: wimbo na upepo. Wimbo ukitangulia kichwani, ukausikia waziwazi kama unavyotaka utoke, midomo na mapafu hupata kazi ya kufuata. Ndiyo maana wanafunzi wake aliwapa kipulizio peke yake, bila tuba, wapige nyimbo wanazozijua kwa mtetemo wa midomo tu. Asiyeweza kuimba wimbo kwenye kipulizio, tuba haitamwimbia. Walimjia wapiga tarumbeta, wapiga zumari, hata waimbaji, wakapanda mpaka chumba chake cha kufundishia katika jengo la Fine Arts, barabara ya Michigan, Chicago. Aliendelea kufundisha baada ya kustaafu, na alifariki mwaka 1998.

Mwaka 2006 okestra ya Philadelphia, ile ile ambayo York ziliagizwa kwa ajili yake, ilitafuta mpiga tuba mpya. Waliomba watu 194. Aliyepewa kiti ni Carol Jantsch, binti aliyezaliwa mwaka 1985, ambaye wakati wa usaili alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha Michigan. Akawa mwanamke wa kwanza kushika kiti cha tuba katika okestra kubwa kabisa za Marekani. Wanaume zaidi ya mia walirudi nyumbani, na kati yao naamini walikuwepo wengi wenye vifua vipana. Anapiga Yamaha. Ukimsikia akipiga tungo zilizoandikwa kwa ajili ya fidla, zenye noti ndogondogo zinazokimbia, unaelewa waliomchagua walisikia nini.

Mabinti wa hapa, nataka mlibebe jina hilo. Na walimu wa vikundi nao walibebe. Nimeshasikia mkisema besi itamharibu binti mgongo. Tuba inakaa mapajani au kwenye kiti. Mtu akiiweka vizuri hailemei mgongo wa yeyote. Inayolemea ni ile mnayomtwisha mtu akiwa amesimama saa tatu harusini bila mkanda wa kufaa, na hiyo inaharibu mgongo wa mvulana sawasawa na wa msichana.

Nirudi nyuma kidogo kwa mwalimu na mwanafunzi wake, kwa kuwa kizazi cha besi hakipatikani bila mtu wa kulea. William Bell alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1902, katika jimbo la Iowa. Alipiga katika bendi ya John Philip Sousa akiwa kijana, akapiga chini ya kiongozi Toscanini katika okestra ya redio ya NBC tangu 1937, kisha New York Philharmonic. Mmoja wa aliowainua ni Harvey Phillips, kijana wa Missouri aliyezaliwa mwaka 1929, aliyekuwa akipiga tuba katika bendi ya sarakasi ya Ringling Brothers. Bendi ya sarakasi si kazi ya kudharau. Unapiga mfululizo, tembo wanapita, mwanasarakasi anaruka, na muziki lazima ugeuke papo hapo mambo yakibadilika. Wapigaji wa matarumbeta wa Dar es Salaam wanaosimama nyuma ya gari la wazi wakiongoza msafara wa bibi harusi wanaijua shule hiyo vizuri. Bell akamsaidia Phillips kuingia chuo cha muziki cha Juilliard, New York, na mwaka 1971, Bell alipofariki, Phillips ndiye aliyechukua nafasi yake ya kufundisha katika chuo kikuu cha Indiana.

Phillips aliona kwamba mpiga tuba hana nyimbo zake mwenyewe. Mpiga fidla ana kabati zima, wa tuba anangoja zamu yake katika kazi za wengine. Akawaendea watunzi mmoja mmoja, akawaomba, akawasumbua, mpaka wakaandika. Na alipotaka kumkumbuka mwalimu wake aliyezaliwa Krismasi, aliwaza jambo ambalo halijawahi kufanyika: kukusanya wapiga tuba na baritoni mahali pamoja wapige nyimbo za Krismasi. Alipiga simu kwa wasimamizi wa Rockefeller Center, New York. Waliposikia ni mamia ya tuba, upande wa pili wa simu ukanyamaza. Akawapa namba za watu wanaomfahamu, miongoni mwao kiongozi wa okestra Leonard Bernstein na yule yule Stokowski aliyezitaka zile York. Wasimamizi wakauliza, wakajibiwa, wakampa uwanja. Tarehe 22 Desemba 1974 wapigaji wapatao 300 walikusanyika pale kwenye barafu, na tangu hapo jambo hilo linafanyika kila mwaka katika miji mingi. Mji wa Moshi una sharika ngapi zenye besi? Hakuna kinachotuzuia kuzikusanya zote siku moja ya Majilio.

Uingereza njia ilikuwa tofauti. Tarehe 13 Juni 1954, katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London Symphony Orchestra ilikuwa ikiadhimisha miaka 50 yake chini ya John Barbirolli. Ralph Vaughan Williams, mtunzi mwenye miaka 81, alikuwa ameandika utungo wa tuba na okestra nzima, wa kwanza wa aina yake kupewa uzito huo, na aliuandika kwa tuba ya F. Aliyesimama mbele kuupiga alikuwa Philip Catelinet. Malezi yake ya muziki yalikuwa katika Jeshi la Wokovu. Ndugu zetu wa Jeshi la Wokovu mliotoka Kenya, kanisa lenu liliingia nchini kwenu mwaka 1921 na bendi zake, kwa hiyo mtu huyo ni wa nyumbani kwenu. Mafunzo ya mtaani, ya kupiga tenzi kwenye kona ya barabara mvua ikinyesha, yalimtosha kusimama pale.

Baada yake alikuja John Fletcher, aliyesoma sayansi Cambridge kabla ya kuwa mpiga tuba wa London Symphony. Okestra za Uingereza zilikuwa zimezoea tuba ndogo ya F. Fletcher akaleta E-flati kubwa zaidi, ya ukoo wa bendi za matarumbeta, akaonyesha kwamba ina wepesi wa kupanda na unene wa kushuka, na Waingereza wengi wakamfuata. Tuba za E-flati za Uingereza zina siri moja ya kufurahisha. Lile tatizo la vali kugongana nililolieleza, David Blaikley wa kampuni ya Boosey alilitafutia dawa mwaka 1874: alipanga mabomba ili unapobonyeza vali pamoja, hewa ipite mara ya pili kupitia vibomba vidogo vya nyongeza, noti ikarudi mahali pake yenyewe. Kwa hiyo mwenye tuba ya namna hiyo hahitaji kuvuta kibomba kwa mkono kama Jacobs. Angalieni nyuma ya vali za besi zenu. Mkiona vibomba vidogo vya pili, mna bahati kubwa, na huenda hamkuijua. Fletcher alifariki mwaka 1987 akiwa na miaka 46 tu, na ukisikiliza sauti yake katika rekodi, hasa anapoimba chini ya tarumbeta za Philip Jones Brass Ensemble, utasikia mtu anayesema na wala hapigi kelele.

Vijana wa bendi za harusi mmeanza kunitazama kana kwamba nimewasahau. Sijawasahau.

Mwaka 1893 Sousa, yule yule wa bendi aliyopigia Bell, alitaka besi ambayo sauti yake itapanda juu na kutandaa juu ya bendi nzima, na fundi J. W. Pepper wa Philadelphia akamtengenezea chombo kinachomzunguka mpigaji na kukaa begani. Kampuni ya Conn ikafuata mwaka 1898. Ndiyo sousaphone, besi ya kutembea nayo. Na hakuna mji uliofanya nayo mambo kama New Orleans. Anthony Lacen, waliyemwita Tuba Fats, aliipiga mitaani huko mpaka kifo chake mwaka 2004, na kizazi kizima kikajifunza kwa kumfuata nyuma. Mwaka 1983 Philip Frazier alianzisha Rebirth Brass Band akiwa na sousaphone, na ndugu yake Keith akashika ngoma kubwa. Jambo hilo nalipenda sana: besi na ngoma kubwa, mtu na ndugu yake, wanatembea bega kwa bega. Mkitaka kujua kwa nini bendi yenu inayumba msafara ukipanda mlima, angalieni mtu wa besi yuko wapi na mtu wa ngoma yuko wapi. Mara nyingi wamewekwa pande mbili za gari, hawasikilizani.

Huko Frazier anapopiga, besi haijazi nafasi tu. Inaanzisha wimbo. Inapiga mstari wake peke yake, watu wanaanza kucheza, tarumbeta zinaingia baadaye. Na London kuna kijana aitwaye Theon Cross, aliyezaliwa mwaka 1993 kwa wazazi wenye asili ya visiwa vya Karibi. Katika kundi la Sons of Kemet walikuwa watu wanne: saksofoni, wapiga ngoma wawili, na tuba yake. Hakuna gitaa, hakuna kinanda. Besi ndiyo iliyobeba kila kitu ambacho ngoma na saksofoni haviwezi kubeba. Msikilizeni, halafu mjiulize kwa nini mtu wenu wa besi harusini amepewa noti mbili tu usiku kucha.

Nilikuwa nimeandaa pia habari za Roger Bobo, aliyefanya onyesho la tuba peke yake katika ukumbi mdogo wa Carnegie, New York, mwaka 1961, na za Øystein Baadsvik wa Norwe, ambaye hana kiti katika okestra yoyote na anaishi kwa kupiga tuba peke yake duniani kote, kwa chombo cha E-flati cha Miraphone wa Ujerumani. Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitawaachia majina hayo mkayatafute, rekodi zao zipo.

Ninachowaomba walimu ni hiki. Kikija kikundi kipya cha wanafunzi, kabla hamjagusa chombo chochote, waimbisheni. Kila mmoja aimbe sauti ya chini ya pambio analolijua, peke yake, taratibu. Atakayeishika bila kuvutwa na sauti ya kwanza, huyo ndiye mtu wa besi, hata akiwa mdogo kuliko wote, hata akiwa msichana, hata akiwa na pumu. Mpeni kipulizio aende nacho nyumbani wiki nzima kabla ya kumpa tuba. Kama besi yenu ni kubwa kwake, mtafutieni kiti cha urefu unaofaa au kisimamio cha kuiwekea, msimwondoe. Na kila besi iwe na daftari lake: ni ya sauti gani, ilitoka wapi, nani aliipiga na kwa miaka mingapi, lini ilifunguliwa na kuoshwa. Jimbo likijua kwamba kikundi kimoja kina E-flati na kingine B-flati, noti zitaandikwa kwa kila mmoja, na ule ugomvi wa siku ya sikukuu utaisha.

Sasa nawaomba wote mliokuja na besi mje nazo hapa mbele. Tutaanza kwa kutambua kila moja ni ya sauti gani, nimekuja na kipima sauti kwenye simu na futi kamba. Zenye vibomba vilivyoganda tutazilegeza leo hii, mafuta yapo. Na wale mabinti watatu waliosimama pale mlangoni tangu nilipoanza, nanyi njoni. Vipulizio vya akiba viko juu ya meza, vimeshaoshwa.